Fumo: Jina Lililotoka Katika Kiti cha Enzi

Chukua kalamu uandike jina Fumo kwa herufi za Kiarabu, kama walivyoandika waandishi wa Pate na Lamu kwa karne nyingi. Unaanza na fa, na juu yake unaweka alama ndogo ya u. Unafuatisha wau ili silabi ivutike, kisha mim, na juu ya mim unarudia alama ile ile ya u. Jina limekwisha. Sasa mpe mtu asiyelijua alisome. Atasema Fumu. Usimlaumu, kwa maana hati hiyo haina alama ya o peke yake; u na o hukaa chini ya ishara moja, na msomaji huchagua kwa masikio ya kwao. Mtu wa Lamu atasoma Fumo bila kusita, kwa sababu alilisikia kwa bibi yake kabla hajalisoma. Asiyewahi kulisikia hana pa kushika.

Jina hili limeishi hivyo, likitegemea sikio kuliko karatasi. Leo ukisimama katikati ya soko la Mombasa au Tanga ukaita Juma, watageuka wengi. Ukiita Fumo, huenda asigeuke mtu. Hata hivyo ni jina la kiume la Kiswahili, tena la kale, na lilivaliwa na watu waliotawala miji. Kupungua kwake kuna historia, na sehemu kubwa ya historia hiyo imo katika namna lilivyoandikwa.

Fumo halikutoka Uarabuni. Ni neno la Kibantu, na ndugu zake wametapakaa bara zima. Kwa Wakongo wa magharibi, mfumu ni mkuu wa watu. Kwa Wachewa wa Malawi, mfumu ni mfalme au jumbe. Mtawa wa Kireno João dos Santos, aliyekaa Sofala na bonde la Zambezi mwishoni mwa karne ya 16 na kuchapisha kitabu chake mwaka 1609, aliandika kwamba wakuu wa vijiji vya huko waliitwa fumo. Ukipanda kuelekea maziwa makuu, neno linageuka kidogo: kwa Wasukuma, nfumu ni mganga, na kwa Wanyarwanda, umupfumu ni mpiga ramli. Mkuu na mganga wamekutana katika neno moja kwa sababu zamani, katika jamii nyingi za Kibantu, aliyetawala watu ndiye pia aliyejua siri ya mvua, maradhi na kinga.

Pwani ya kaskazini neno likapata mwangwi wa pili. Katika Kiswahili cha kale, fumo ni mkuki wenye bapa pana, na kufuma ni kuchoma kwa silaha yenye ncha. Ikiwa maneno haya mawili yana asili moja au yamefanana tu, masikio ya Waswahili hayakuyatenga. Aliyeitwa Fumo alisikika kuwa mkuu, na akasikika kuwa mkuki.

Hakuna aliyelibeba kwa uzito kama Liyongo. Watu wa delta ya Mto Tana na visiwa vya Lamu humtaja kwa pumzi moja: Fumo Liyongo. Wataalamu wamemweka katika karne tofauti, lakini masimulizi yanakubaliana juu ya mahali pake: Shanga, Pate, Ozi, na misitu inayoelekea mtoni. Alikuwa mrefu kupita wenzake, mwenye nguvu za ajabu, hodari wa upinde, na bingwa wa mashairi. Kosa lake lilikuwa moja tu, kwamba watu walimpenda kuliko walivyompenda mfalme aliyekalia kiti.

Kisa cha kifungo chake ndicho kinachokumbukwa zaidi. Liyongo alikuwa amefungwa kwa minyororo, akingoja kuuawa. Mamake akimpelekea chakula kizuri, walinzi hukila. Basi Liyongo akamtungia wimbo kijakazi wao, Saada, ampelekee mamake ujumbe walinzi wakiwa wanasikia lakini hawaelewi: apike mkate wa wishwa, na ndani yake aweke tupa. Walinzi walipoona mkate wa makapi waliudharau wakamwachia. Usiku, ngoma ikilia nje kwa ombi lake mwenyewe, na matoazi na makofi yakipiga, Liyongo akakata minyororo, kila mkwaruzo wa tupa ukimezwa na kelele za sherehe. Alipomaliza akasimama, na walinzi wakakimbia.

Kifo chake kilitoka nyumbani. Mwili wake ulikuwa haupenywi na silaha yoyote isipokuwa sindano ya shaba ikichomwa kitovuni. Mwanawe akaambiwa ataozwa binti wa mfalme iwapo ataifanya kazi hiyo, naye akaifanya baba akiwa usingizini. Liyongo aliamka, akachukua upinde, akaenda kisimani, akapiga goti, akatia mshale kwenye uzi, na hapo akafa akiwa bado amelenga. Kwa siku kadhaa hakuna aliyethubutu kwenda kuteka maji, kwa kudhani yu hai. Kaburi lake huonyeshwa hadi leo upande wa Ozi, karibu na Kipini.

Angalia sasa kilichotokea jina hilo lilipoandikwa. Kwa herufi za Kiarabu, Liyongo huanza na lam, ikaja ya, ikamalizia na ghain, kila moja na irabu yake. Herufi tatu tu. Ile ng ya Kiswahili haina herufi yake katika Kiarabu, kwa hiyo waandishi wa zamani waliiazima ghain iwafanyie kazi zote: g ni ghain, ng ni ghain, gh ni ghain. Vivyo hivyo b ilibeba mb, na d ikabeba nd. Asomaye kwa kufuata herufi peke yake angeweza kusema Liyugu. Asomaye akiwa amekwisha kuimba nyimbo za gungu harusini husema Liyongo, wala hatambui kwamba amefanya kazi kubwa.

Kalamu ya Kizungu ilipoingia, jina likakutana na shida nyingine. Edward Steere, aliyekuja kuwa askofu Zanzibar, alichapisha hadithi na mashairi ya Waswahili mwaka 1870, na humo shujaa wetu ni Liongo, bila y. Mjerumani Carl Meinhof alipotoa utenzi wa shujaa huyo katika miaka ya 1920, naye aliandika Liongo. Alice Werner, bibi wa Kiingereza aliyeipenda fasihi ya Lamu kwa dhati, aliandika makala mwaka 1926 na kumwita Liongo Fumo, cheo kikiwa nyuma ya jina. Wasomi wa Kiswahili wa baadaye wakairudisha y, kwa kuwa ndivyo ulimi wa Mswahili unavyovuka kutoka i kwenda o, na wakakirudisha cheo mbele. Ukiingia maktaba leo kumtafuta mtu huyu mmoja, itakubidi utafute mara tatu.

Aliyetuokoa na upotevu mkubwa zaidi alikuwa mtu wa Lamu mwenyewe, Muhammad bin Abubakar bin Omari al-Bakari, ajulikanaye kama Muhammad Kijumwa. Alikuwa mshairi, mchongaji, mwanamuziki na mwandishi mwenye mwandiko wa kupendeza, na mwaka 1913 aliuandika Utenzi wa Fumo Liyongo. Watafiti wa Kizungu waliofika Lamu walimtegemea yeye awanakilie hati. Kwa hiyo herufi nyingi zilizosomwa baadaye London na Hamburg zilitoka mkononi mwa mtu aliyejua kwa sikio palipo na o na palipo na u.

Liyongo alikuwa Fumo kwa cheo. Katika kisiwa cha Pate ndiko cheo kilikoanza kuganda kuwa jina. Ukoo wa Nabahani, wenye asili ya Oman, ulitawala huko kwa muda mrefu, na watawala wake walioana na kuchanganyika na wenyeji hata wakatawala kwa Kiswahili na kwa heshima za Kiswahili. Mtawala alikuwa na jina la dini alilopewa utotoni, na mbele yake watu wakaweka Fumo. Muhamadi akawa Fumo Madi. Omari akawa Fumo Omari, na kinywani likakatwa likawa Fumomari. Abubakari akawa Fumo Bakari. Luti, jina la Nabii Lutu, likawa Fumo Luti. Mwaka 1728, Mwengo bin Athumani alipotunga Utendi wa Tambuka, mojawapo ya tenzi za kale kabisa zilizotufikia kwa maandishi, alifanya hivyo kwa agizo la mfalme wa Pate, Fumo Laiti Nabahani.

Hapa ndipo tahajia inapokuwa na uzito. Je, ni Fumo Madi au Fumomadi? Maneno mawili au moja? Ukiandika mawili, unamwambia msomaji kwamba huyu ni Madi, naye alikuwa mkuu. Ukiunganisha, cheo kimemezwa na jina, na mtoto anaweza kupewa Fumomadi hata akiwa hana kiti wala siwa. Njia zote mbili zimetumika, na si kwa uzembe. Kiswahili cha pwani kimefanya hivyo kwa vyeo vyake vyote vya heshima. Mwana Kupona, aliyemtungia bintiye utenzi maarufu mwaka 1858, huandikwa pia Mwanakupona. Bwana Heri wa Saadani, aliyepigana na Wajerumani, huandikwa pia Bwanaheri. Heshima hutangulia, kisha huzoeleka, kisha huwa jina, na kalamu hufuata nyuma ikijaribu kuamua ni hatua ipi iliyofikiwa.

Fumo Madi wa Pate, aliyetawala tangu 1777 hadi 1809, anakumbukwa kuwa mtawala wa mwisho aliyeishika Pate ikashikika. Baada yake kukazuka ugomvi wa urithi, na Mazrui wa Mombasa wakaingilia. Kama mwaka 1812 hivi, majeshi ya Pate na Mombasa yakashuka Shela kuipiga Lamu, yakashindwa vibaya ufukweni. Watu wa Lamu, wakiogopa kisasi, wakamwomba Seyyid Said wa Oman awalinde, na hivyo mlango wa pwani nzima ukafunguka kwake. Wakuu wa Pate waliendelea kuitwa Fumo, lakini kisiwa kilikuwa kinawaponyoka.

Ahmad, mwana wa Fumo Luti, aliyepewa lakabu ya Simba, alikataa kuinama mbele ya Sultani wa Zanzibar. Alihama visiwani, akajenga makao Witu, ndani ya misitu ya bara, na watumwa waliotoroka mabwana zao wakakimbilia kwake wakapata hifadhi. Mwaka 1885 aliwauzia ndugu wawili wa Kijerumani, Clemens na Gustav Denhardt, sehemu ya ardhi, na mwaka huo huo Ujerumani ikatangaza ulinzi wake juu ya Witu. Simba alipofariki mwaka 1889, kiti kikamwendea Fumo Bakari.

Huyu ndiye Fumo aliyeandikwa zaidi katika barua za serikali za Ulaya, na aliandikwa kwa masikitiko. Julai 1890 Ujerumani na Uingereza zilipeana maeneo kwa mkataba, na Witu ikakabidhiwa Uingereza pasipo Fumo Bakari kuulizwa. Septemba mwaka ule Mjerumani mmoja aliyeitwa Küntzel na Wajerumani wenzake waliokuwa Witu waliuawa baada ya ugomvi. Oktoba, Admirali Fremantle alileta askari wa majini wakauchoma mji. Fumo Bakari alifariki Januari 1891, hata mwaka haujatimia tangu mkataba ule. Fumo Omari aliendeleza upinzani kutoka msituni, na mwaka 1893 Waingereza wakaichoma Pumwani na Jongeni. Walipokuja kumweka mtawala waliyemtaka wao, mwaka 1895, orodha zinamtaja kama Omari bin Hamedi. Fumo haikuwekwa mbele ya jina lake.

Kwangu mimi huo ndio mwaka jina lilipogeuka. Cheo kikiwa na kiti, kila kizazi kina sababu ya kukitamka. Kiti kikiondoka, cheo kinabaki kuwa jina la mtu, na jina la mtu lina sheria zake za kuishi na kufa.

Linganisha na Mwinyi. Nalo lilikuwa cheo cha waungwana wa pwani. Watawala wa zamani wa Unguja waliitwa Mwinyi Mkuu. Jumbe nalo lilikuwa cheo. Leo majina yote mawili yako kila mahali, hata Zanzibar imewahi kuongozwa na Aboud Jumbe na Tanzania na Ali Hassan Mwinyi. Vyeo hivyo vilikuwa vya wengi: kila mji ulikuwa na mamwinyi wake, kila kijiji na jumbe wake, kwa hiyo watoto wengi walizaliwa chini ya vyeo hivyo, na majina yakapata mahali pengi pa kuota. Fumo ilikuwa ya nyumba chache. Nyumba hizo zilipovunjwa, jina likakosa uwanja.

Kisha kuna mambo ya akika. Mtoto wa Kiislamu hupewa jina siku ya saba, na wazazi wengi hupenda jina la Mtume, la nabii au la sahaba. Katika Fumo Madi, lile linaloandikwa na mwalimu ni Muhammad. Fumo halikupata nafasi katika karatasi; lilikaa barazani, jikoni, katika wimbo wa kubembeleza. Karani wa serikali alipokuja na daftari lake, aliuliza jina, akaambiwa Muhammad, akaandika Muhammad.

Hata lilipoandikwa, lilikuwa na safari fupi. Jina la mtu wa pwani huenda kwa hatua tatu: lake, la babake, la babu yake. Mtu akiitwa Fumo, mwanawe ataitwa fulani Fumo. Mjukuu ataitwa fulani bin fulani Fumo. Kitukuu akizaliwa, Fumo limeshatoka nje ya mstari. Vizazi vitatu, na jina la mfalme halimo tena kwenye kitambulisho cha mtu yeyote wa nyumba ile, ila amepatikana mtu wa kulirudisha mwanzo.

Waswahili tuna dawa ya hilo, nayo ni somo. Mtoto anapopewa jina la babu yake, babu anakuwa somo yake. Humwita hivyo, humpendelea, humwita kwa jina lake mwenyewe bila aibu, na mama wa mtoto hulitaja jina la mkwewe kwa upole kwa sababu sasa ni jina la mwanawe. Kwa njia hiyo jina huruka kizazi kimoja na kuanza upya mbele ya mstari. Jina lolote adimu la pwani lililobaki limebaki kwa njia hiyo.

Nimeshuhudia jina likirudishwa hivyo. Rafiki yangu mmoja wa Lamu alipata mtoto wa kiume, akaamua kumpa jina la babu wa babake, Fumo. Jamaa walimwuliza kama hakuna jina zuri zaidi. Alipokwenda kuchukua cheti, karani asiye wa pwani alikuwa ameandika Fumu. Rafiki yangu akarudi kesho yake na kueleza. Akaambiwa ni herufi moja tu, si tatizo. Akarudi tena na barua ya chifu. Akarudi mara ya tatu na mzee mmoja wa mtaani mwao, ambaye hakusema maneno mengi. Alilitamka jina mara mbili, polepole, akikaza ile o ya mwisho kama anavyomfundisha mtoto chuoni, kisha akakaa kwenye benchi akangoja. Cheti kikaandikwa upya.

Nilikitazama cheti hicho kwa muda mrefu. Herufi nne za Kilatini, na o imekaa wazi mwishoni, pasi na haja ya kukisia. Waandishi wa Pate hawakuwa na alama ya kuiandika o hiyo. Waliiacha kwa msomaji, wakiamini kwamba daima atakuwepo mtu aliyelisikia jina kwa bibi yake. Kwa karne kadhaa imani yao haikuvunjika. Sasa wanaolisikia ni wachache, na kazi waliyoifanya masikio inabidi ifanywe na kalamu.

Kwa hiyo, mwenye jina hili katika ukoo wake asiogope kulitoa. Aliandike Fumo, kwa f, u, m na o. Kama babu alikuwa Fumo Bakari, aangalie nyaraka za nyumbani ziliandikaje, na afuate hivyo hivyo kutoka cheti hadi pasipoti, kwa sababu ofisi ikiona Fumobakari hapa na Fumo Bakari pale itadhani ni watu wawili. Na amsimulie mtoto habari za mkate wa wishwa na tupa, na za yule aliyekufa amepiga goti akiwa bado amelenga.

Mtu aliyehadithia habari za Pate kwa watafiti mwanzoni mwa karne iliyopita, na kutuachia sehemu kubwa ya tunayoyajua juu ya wafalme hao, aliitwa Bwana Kitini. Hiyo ilikuwa lakabu. Jina lake kamili lilikuwa Muhammad bin Fumo Omari al-Nabahani. Kiti kilikuwa kimekwisha kuondoka, Pate imebaki magofu na mashamba ya tumbaku, na Fumo lilikuwa limerudi nyuma hatua moja likakaa mahali pa baba. Kutoka hapo aliwataja wote, mmoja baada ya mwingine, na kila alipofika kwenye jina hilo alijua pa kuweka o.